Mkanda wa Tatu Ulioonyeshwa Kwanza

Baba yangu alimkataa Anselm kwa sababu ya picha ya video.

Hakusema kwamba ni maskini. Hakusema kwamba ni Mnyiramba wa Nduguti na sisi ni Wanyaturu. Hakusema hata kwamba wazazi wake wamekufa na hatuna wa kumuuliza tabia yake. Asubuhi ile ya mnada, akiwa amekaa kwenye kigoda mbele ya zizi, akipangusa vumbi kwenye viatu vyake vya matairi, alisema maneno mawili tu.

"Yule ataondoka."

"Ataondoka kwenda wapi, baba?"

"Mimi nitajuaje? Kwani yule bwana wa kwenye picha alisema anakwenda wapi? Alichimba kisima na wenzake, akapewa mwanamke mzuri, mwanamke anayejua kushika jembe. Mnada uliofuata tukamkuta ana mke mwingine. Huyo wa pili akauawa, sawa, ule ni msiba. Mnada wa tatu kijiji kizima kinamlilia, bwana kaa nasi, bwana kaa nasi. Akawasha lori lake alfajiri. Hata kuaga hakuaga!"

"Baba, ile ni picha. Yule mzungu anaigiza. Anselm hakuitunga."

"Hakuitunga, lakini anaisifia. Umesikiliza sauti yake anapofika pale lori linapoondoka? Mtu hasifii hivyo kitu asichokipenda."

Mama alikuwa jikoni akipepeta uwele. Akatoa kichwa mlangoni.

"Mzee Mughwai, unamnyima mtoto mume kwa ajili ya lori la wazungu?"

"Mama Damari, unamkumbuka yule dume mwekundu? Kutwa nzima alikuwa akitazama barabara. Yuko wapi leo?"

"Ulimuuza."

"Nilimuuza kwa sababu alikuwa anatoroka."

"Alikuwa anatoroka kwa sababu ulimnyima chumvi."

Baba akasimama, akachukua fimbo yake. Alinitazama mimi, na macho yake hayakuwa makali. Yalikuwa macho ya mtu anayefunga mlango kwa sababu ameona mvua inakuja.

"Nenda kamwambie leo hii, asije akakaa akisubiri. Mwambie baba amesema hapana."

Nilivaa khanga yangu ya maua, nikashika njia ya mnadani. Miguu ilikwenda, moyo ulibaki pale zizini.

*

Ni lazima nieleze habari ya picha zile, maana watu wa kwetu Ikungi bado wanabishana juu yake mpaka leo.

Ilikuwa miaka ile vitu vilipoanza kumwagika madukani. Mitumba, redio kaseti, sabuni za kila rangi. Mzee Mohamedi, mfanyabiashara wa Singida mjini, alinunua televisheni, deki ya kuchezea mikanda na jenereta, akampa Anselm azungushe minadani. Leo Ikungi, kesho Mungaa, wiki ijayo Nduguti. Pale Ikungi walijenga kibanda cha mabati, wakaziba nyufa kwa magunia ili mchana uwe giza. Anselm alisimama pembeni ya televisheni na maiki mkononi, akitafsiri. Alikuwa na sauti nzito, ya kukaa kifuani mwa mtu. Waliokosa nafasi ndani walisimama nje kusikiliza spika tu.

Picha iliyowapagawisha watu iliitwa Kiu. Jina hilo alilitoa yeye. La Kizungu hakuna aliyelikumbuka. Zilikuwa picha tatu zinazofuatana. Moto umeshuka kutoka mbinguni, miji imeteketea, mvua imekoma, watu waliobaki wanauana kwa ajili ya maji. Steringi, shujaa wa picha, anaitwa Jabali, anaendesha lori la tangi la maji katikati ya miamba. Watu wetu waliipenda kwa sababu miamba ile ilifanana na miamba ya kwetu, na kwa sababu kila mtu pale alikuwa amewahi kuona kisima kikikauka.

Sasa mikanda ile ilipita mikono mingi kabla ya kufika Singida, na kila aliyeipokea alibandua karatasi ya mwenzake na kubandika yake. Mkanda uliofika Ikungi kwanza ulikuwa wa tatu, wa mwisho kabisa, ule ambao Jabali anakutana na watu wa bondeni na mwanamke mmoja mchimba kisima. Uliofuata ulikuwa wa kwanza, ambao mke wake wa ujanani anauawa naye anaanza kutangatanga. Halafu ukaja wa pili, ambao anakisaidia kijiji fulani kisha anaondoka. Watu wakaona maisha ya mtu kinyumenyume. Kwao Jabali alikuwa na mji, akawa na msiba, akaishia kuwa mtu wa barabarani. Na wengi walipiga makofi. Waliona ndiyo ushujaa wenyewe.

Mimi nilikuwa nimeziona zote Dodoma, nilipokuwa nakaa kwa shangazi Selina nikijifunza cherehani baada ya kumaliza kidato cha nne. Niliziona kwa mpangilio wake. Kwa hiyo siku ile ya kwanza, watu walipotoka, mimi nilibaki.

"Kaka," nikamwambia yule mtafsiri, "umeanza na mwisho."

Alikuwa akikunja waya. Akanitazama kuanzia kilemba mpaka vidoleni.

"Dada, wewe umekuja na kiingilio au umekuja na ubishi?"

"Na vyote viwili."

Akacheka. Kicheko chake kilianzia machoni kabla hakijafika mdomoni. Namshukuru Mungu kwamba nilikiona kicheko kile mara nyingi sana baadaye.

Tangu hapo tulibishana kila mnada. Yeye alisema picha bora ni ile ambayo Jabali anaondoka peke yake. "Steringi akikaa, picha imekwisha," alisema. Mimi nilisema ndiyo maana inakwisha vizuri. Yeye alisema mwanamke wa kisimani anampunguzia steringi kasi. Mimi nilisema kasi ya kwenda wapi, na dunia imeshaungua yote? Alikuwa akinipa kigoda chake nikae, kisha ananibishia akiwa amesimama. Siku moja alisahau kabisa kuzima jenereta, mafuta yakaisha tukiwa bado tunabishana, na wala hatukusikia kimya kilipoingia.

Ndipo akamtuma Mzee Mohamedi awe mshenga wake. Baba aliomba muda afikirie. Muda huo ndio ulikuwa umekwisha asubuhi ile.

*

Nilimkuta nje ya kibanda, amepiga goti mbele ya jenereta, mikono imejaa mafuta. Aliponiona alisimama haraka, akajifuta kwenye suruali.

"Umekuja mapema," akasema. Halafu akauona uso wangu. "Mzee amesemaje?"

"Amesema utaondoka."

"Niondoke hapa?"

"Amesema wewe ni mtu wa kuondoka. Kama Jabali wako. Anaoa, anaacha, anaoa mwingine, anawasha lori."

Anselm akatazama chini. Nilidhani analia. Kumbe anacheka, mabega yanatikisika.

"Yaani nimekataliwa kwa makosa ya Jabali!"

"Usicheke, Anselm. Umekataliwa kwa makosa yako. Jabali hakuoa mke wa pili. Wewe ndiye uliyemwozesha."

Kicheko kikaisha.

"Ningefanyaje?" akasema. "Kibanda kimejaa mpaka mlangoni. Mara mwanamke mwingine anatokea kwenye kioo, anampakulia Jabali chakula. Watu wanapiga kelele, huyu nani, yule wa kisimani yuko wapi? Na baba yako mdogo Alute ndiye aliyepiga kelele kuliko wote. Ikanitoka tu: ni mke wa pili. Wakatulia. Wengine hata walifurahi."

"Baadaye ulijua kwamba ulikosea."

"Nilijua. Uliniambia, sikutaka kuamini. Ulipokuja mkanda wa lori kuondoka nikaamini."

"Basi leo waambie."

"Damari! Mimi nakula kwa sababu watu wanaiamini sauti yangu. Nikisimama nikasema nimewadanganya, mnada ujao nani atakuja?"

"Na mimi je? Mimi nipotee ili watu wa mnada waendelee kukuamini?"

Upepo ulikuwa unavuma kama unavyovuma siku zote kwetu, unapiga magunia kwenye mabati. Anselm akaketi juu ya dumu la mafuta. Alipozungumza, haikuwa sauti ya kwenye maiki.

"Mzee Mohamedi anataka kupeleka deki nyingine Tabora. Aliniambia nikikubaliwa hapa nibaki, nikikataliwa niende. Nikamwambia sawa. Unajua kilichoniogopesha? Nilisema sawa bila kuumia. Tangu tulipomzika mama sijawahi kulala sehemu moja kutoka mnada hadi mnada. Ile sehemu ya lori kuondoka huwa siitafsiri, Damari. Ile huwa naisema tu, kama maneno yangu mwenyewe. Je, kama mzee ameniona vizuri?"

Nilitaka kukasirika. Sikuweza. Nilimtazama yule mwanaume mwenye sauti iliyojaza mnada mzima, amekaa juu ya dumu kama mtoto aliyeachwa nyuma na wenzake. Nikachuchumaa mbele yake.

"Kuogopa na kuondoka ni vitu viwili, Anselm. Mimi pia naogopa. Naogopa kuishi na mtu anayenibishia mpaka mafuta yanaisha. Lakini sijapanda basi."

Akainua macho. Tukatazamana mpaka nikasahau baba amesema nini.

"Mkanda wa tatu uko wapi?" nikauliza.

"Ndani ya boksi. Lakini leo nimetangaza picha ya karate."

"Weka huo. Wewe utasema maneno ya Jabali wako, mimi nitasema ya mwanamke wa kisimani. Tuone nani atamshinda mwenzake."

"Mwanamke kushika maiki hapa Ikungi? Baba yako atakuwa amekaa mbele kabisa."

"Ndiyo maana."

*

Saa nane mchana kibanda kilikuwa kimejaa. Baba alikuwa mbele, amekuja na kigoda chake mwenyewe kama kawaida, fimbo katikati ya magoti. Baba mdogo Alute, ambaye anauza nyama pale mnadani, alikuwa pembeni yake, bado ana harufu ya buchani. Nilipokwenda kusimama upande wa Anselm, baba aligeuza shingo kidogo. Alidhani nimeshampa jibu lake. Akashangaa kuona kwamba bado nipo.

"Shikamooni wazee, habari zenu vijana," Anselm akaanza. Maiki ilikoroma. "Leo hakuna karate."

"Aaah!" kibanda kizima.

"Leo narudia Kiu. Ile tuliyoanza nayo. Na kabla sijaweka mkanda, nina neno." "Ndugu zangu, niliwaonyesha picha hizi kinyumenyume. Mkanda wa mwisho niliuweka kwanza. Nilipogundua, niliona aibu kusema."

Halafu baba mdogo Alute akasimama.

"Ngoja, ngoja. Na yule mke wa pili?"

"Hakuna mke wa pili, mzee. Yule ndiye mke wa kwanza. Aliuawa zamani kabla ya kisima. Mimi nilikosea."

"Wewe kijana! Mimi nimegombana na mke wangu kwa ajili ya yule mwanamke! Nilimwambia, unaona, hata Jabali ana wawili!"

Kibanda kililipuka kwa kicheko. Wengine walipiga miluzi, wengine walidai kiingilio chao, mmoja akasema mtafsiri anywe sumu. Kulikuwa na kijana nyuma aliyepiga kelele kwamba hata iweje, yeye bado anampenda Jabali wa lori, huyu wa kisima ni mkulima tu. Mwenzake akamjibu kwamba mkulima ndiye anayemlisha. Wakaanza kusukumana. Anselm alisimama katikati ya kelele ile, jasho linamtoka, hakutetea chochote. Nikaona kwamba alichokiogopa kimetokea, na bado yuko wima.

Nikamtazama baba. Hakucheka. Alikuwa anahesabu vidoleni, polepole, akizipanga upya picha zile kichwani mwake.

"Weka mkanda," baba akasema. Watu wakanyamaza.

Anselm akasukuma mkanda ndani ya deki. Akanipa maiki pale mwanamke wa kisimani alipotokea, na sauti yangu mwenyewe ikanirudia kutoka kwenye spika ya nje, kubwa, ngeni.

"Wewe mgeni mwenye lori! Maji yetu hayanunuliwi kwa bunduki. Chukua sururu kama wenzako."

"Huyo ni Damari wa Mughwai?" mtu akauliza.

"Ndiye. Msikilize."

Tukaenda hivyo, maiki ikipita mkono kwa mkono, vidole vyetu vikigusana kila mara. Anselm alianza kwa woga, kisha akachangamka. Jabali akinguruma, mimi najibu. Akitisha, mimi nacheka. Wanawake waliokuwa wakiuza karanga nje wakajisogeza mlangoni, wakaanza kushangilia upande wangu. Wakati wa vita vya bondeni hatukuhitaji kutafsiri. Kibanda kilipiga kelele chenyewe.

Ndipo tukafika pale. Vita vimekwisha. Maji yametoka. Jua linazama kwenye kioo, na yule mwanamke amekaa ukingoni mwa kisima, hamtazami Jabali, anatazama lori lake. Anamuuliza swali moja tu, fupi. Mimi nililijua. Lakini maiki ilipofika mkononi mwangu, maneno ya Kizungu yalinitoka kichwani yote, nikabaki na yangu.

"Utaondoka lini? Niambie, nijue nipike chakula cha watu wangapi."

Kwenye picha Jabali hajibu. Anasimama muda mrefu, upepo unapeperusha koti lake. Anselm alizoea kuijaza nafasi ile kwa maneno yake: Jabali anawaza vita vijavyo, Jabali damu yake haitulii. Safari hii alichukua maiki, akanyamaza. Nikasikia jenereta huko nje.

"Mjibu mama!" Alute akapiga kelele.

"Mjibu!" wanawake wa mlangoni.

Anselm akaipa televisheni mgongo. Akanitazama mimi, mbele ya Ikungi yote, na mwanga wa kioo ukamzunguka kwa nyuma.

"Jabali hapa hasemi kitu," akasema. "Ninayesema ni mimi, Anselm. Pika cha watu wawili."

Sijawahi kusikia kelele kama zile, hata siku ya mvua ya kwanza. Mabati yalipigwa ngumi. Vigelegele vilitoka mlangoni vikaenda mpaka kwenye zizi la mnada, ng'ombe wakashtuka. Kwenye kioo Jabali alikuwa anang'oa gurudumu la lori lake, analifunga juu ya kisima lipitishe kamba ya ndoo, na hakuna aliyekuwa akimtazama isipokuwa baba yangu. Baba aliitazama picha mpaka maandishi yakaanza kupanda. Kisha akasimama, akajiegemeza kwenye fimbo. Kelele zikashuka zenyewe.

"Kile kisima," akasema, "kimechimbwa mahali pabaya. Chini ya mwamba wa namna ile hakuna maji."

Watu wakacheka, lakini kwa heshima.

"Na picha yenye mapigano mazuri ni ile ya lori kuondoka. Hapo hamnibadilishi." Akamgeukia Anselm. "Kijana."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Asubuhi nilikukataa."

"Nimeambiwa, mzee."

"Nilikukataa kwa maneno ya mdomo wako mwenyewe. Sasa nimekukubali kwa maneno ya mdomo wako mwenyewe. Usije ukaniambia tena kwamba ulikosea mkanda."

Anselm akaiacha maiki ianguke, akashika mkono wa baba kwa mikono yake miwili, akainama mpaka paji la uso likaugusa. Baba mdogo Alute akanyakua maiki sakafuni, akatangaza kwenye spika kwamba nyama ya leo nusu bei kwa watu wa upande wa bwana harusi, halafu akakumbuka kwamba bwana harusi hana watu.

"Basi mimi ni upande wake!" akasema yule kijana wa nyuma aliyempenda Jabali wa lori. "Na mimi!" akasema mwingine. Mwisho karibu nusu ya kibanda wakawa Wanyiramba wa Nduguti kwa siku ile, wakaenda kupanga foleni buchani.

Anselm hakwenda Tabora. Deki ya Tabora ilikwenda na mtu mwingine. Yeye alikaa, katika njaa na katika neema, na hakuondoka Ikungi mpaka siku tuliyomsindikiza makaburini. Nikikumbuka hayo yote sikumbuki kwanza harusi, wala watoto. Nakumbuka jioni ile.

Jua lilikuwa bado juu ya miamba. Baba alitangulia na kigoda chake begani, akieleza bila kuulizwa jinsi ambavyo yeye angekichimba kile kisima, karibu na mto mkavu, siyo mlimani. Anselm alikuwa nyuma yake hatua moja, akimbishia.

"Lakini mzee, mlimani ndiko adui haoni."

"Adui haoni, na maji je, unayaona?"

Mimi nilitembea pembeni. Tulipita katikati ya mnada wote, kwa wauza mitumba, kwa wauza chumvi, kwa wenye ng'ombe, na kila aliyetuona alisimama kutupisha. Mama alikuwa amesimama uwanjani, mkono umekinga macho. Alituhesabu kwa mbali, mmoja, wawili, watatu. Kisha akageuka, akaingia jikoni haraka, na tukasikia akiongeza maji kwenye sufuria.